Saloni ya zamani Nguba: granito, plafoni ya mbao na shemine. Tuvunje ao tutengeneze?

Binti_Nguba

Jambo wakubwa kwa wadogo. Ninaomba shauri la wanaojua kazi ya ndani ya nyumba. Nyumba ya familia iko Nguba, hapa Bukavu. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati mji ulikuwa ungali Costermansville. Saloni ina mita 6,80 kwa 5,20, na kutoka chini mpaka plafoni ni mita 3,10. Kona moja ya mbele ni ya mviringo, na dirisha la chuma linaizunguka. Chini kuna granito (simenti yenye vijiwe, iliyosuguliwa) ya rangi ya maziwa yenye vijiwe vyekundu na vyeusi, imegawanywa kwa fito nyembamba za shaba ya njano. Imepoteza mng'ao na ina ufa mmoja. Korido ina karo za simenti za sentimita 20 kwa 20, zenye maua. Kuna shemine isiyowashwa miaka mingi. Plafoni ni mabamba yaliyopigiliwa, viungo vimefunikwa kwa fito za mbao, na pahali pawili pana madoa ya maji. Ukuta wa upande wa mlima unavimba rangi toka chini mpaka sentimita 60 hivi.

Nyumbani wanataka saloni ya leo: karo nyeupe za kung'aa 60 kwa 60, plafoni ya stafu (jasi) ya ngazi mbili yenye taa za LED, mabamba ya PVC ya sura ya marmari nyuma ya televisheni, dirisha za alumini. Mafundi wawili walipita, wote wamesema tuvunje granito. Ninauliza hivi: nyumba hii ni ya mtindo gani? Haya tunayotaka kuweka yatachukua muda gani kabla hayajachosha macho? Granito iliyochoka inarudi? Na PVC itaponya ule ukuta? Aksanti.

Msanifu_Ibanda

Dada, kona ya mviringo inayozungukwa na dirisha, fito za shaba chini, mistari ya kulala: hiyo ni Art Déco ya kipindi chake cha mwisho, ile Wabelgiji na Wafaransa waliita mtindo wa paquebot, yaani meli ya abiria. Jina Art Déco lilitoka kwenye maonyesho ya sanaa za mapambo yaliyofanyika Paris mwaka 1925. Mwanzoni ulikuwa mtindo wa anasa, mbao za bei kali na michoro ya pembepembe. Baada ya 1930 ukavua mapambo, ukabaki na kona laini, mistari mirefu na madirisha ya duara kama ya meli. Shuka barabara ya Patrice-Emery Lumumba ukitazama juu ya vibao vya maduka, utaona ndugu za nyumba yenu.

Mitindo haibadiliki kwa kuwa watu wamechoka tu. Kila mara kuna kitu kipya kilichofika sokoni. Ile kona yenu ya mviringo iliwezekana kwa sababu ya simenti yenye vyuma na dirisha za chuma cha kupinda. Miaka ya 1950 ilileta viti vyepesi vyenye miguu myembamba iliyotanuka, kuta za klaustra zinazopitisha hewa, rangi za limau na samawati. Wabelgiji mpaka leo wanaita sura hiyo Expo 58, kwa sababu ya maonyesho ya Bruxelles ya mwaka 1958 yaliyoacha Atomium. Kisha Formica, inayofutwa kwa kitambaa kilicholowa, ikaondoa meza za mbao tupu. Wakati wa Zaïre saloni ikawa nzito: fotei za veluru, vitambaa vya krosheti mgongoni mwa kila kiti, kabati la vioo lenye sahani ambazo hazilishi mtu. Baadaye karo za kauri, 30 kwa 30, kisha 40, kisha 60 za kung'aa. Kisha stafu.

Kitu kikiwa adimu, kuwa nacho ni heshima. Kikishafika kila duka la simu, kinaanza kufanana na duka la simu. Karo nyeupe ya kung'aa imeshafika hapo. Na sasa angalia viwanda vya karo vinafanya nini: vinachapa picha ya granito na ya karo za simenti juu ya kauri, vinaiuza kama mtindo mpya. Nyinyi mnayo yenyewe, unene wa sentimita mbili, na mnataka kulipa watu waivunje. Hilo linaniuma kweli.

Kuhusu muda, hesabu yangu ni hii. Rido na vitambaa vya fotei vitaomba kubadilishwa baada ya miaka 5 mpaka 7. Rangi ya ukuta vivyo hivyo. Stafu ya ngazi mbili yenye mawimbi na taa za rangi rangi itabeba tarehe yake usoni kabla ya miaka 10, na kuibomoa kunachafua nyumba nzima. Sakafu ni jambo la miaka 50. Kwa hiyo hamu ya "saloni ya leo" iwekeni kwenye vitu vinavyotoka mlangoni bila nyundo.

Kwa chumba cha 6,80 kwa 5,20 ningefanya hivi. Ukuta rangi ya krimu yenye manjano kidogo, si nyeupe ya karatasi, maana nyeupe kali itaifanya granito ionekane chafu. Chini ya ukuta subasema, yaani ukanda wa rangi nyingine, ya sentimita 100, kijani cha majani makavu ao kahawia ya udongo, ikitengwa na juu kwa mstari wa sentimita 2. Subasema si ushamba. Iko pale kwa sababu migongo ya viti na mikono ya watoto inagusa hapo. Fotei zisipite kina cha sentimita 90. Hizi kubwa za sentimita 105 zikiwekwa pande mbili zinakula mita 2,10 kati ya 5,20, kisha ongeza meza na njia. Acha sentimita 45 kati ya fotei na meza, 90 kwenye njia ya kupita. Sponji ya kukalia iwe ya uzito wa kilo 28 mpaka 30 kwa mita ya ujazo, ya mgongoni 20 inatosha. Sponji nyepesi chini inakaa shimo mwaka wa kwanza. Rido: bomba liwekwe sentimita 15 juu ya fremu na lipite dirisha sentimita 25 kila upande, na kitambaa kiwe mara mbili ya urefu wa bomba, la sivyo kinaning'inia kama shuka.

Fundi_Granito_Kadutu

Nichukue la granito peke yake.

Granito ni simenti iliyochanganywa na vijiwe vya marmari, unene milimita 15 mpaka 20, juu ya kitanda cha simenti na mchanga. Kuisugua upya kunaondoa milimita 1 ao 2 tu. Basi nyumba yenu ina misasa mingi bado mbele yake. Mafundi wanasema "vunja" kwa sababu hawana mashine ya kusugua, wana mwiko.

Kwanza ule ufa. Ukiishia katikati ya chumba na ni mwembamba kama unywele, ni wa kukauka, usiogope. Ukipanda ukutani, udongo unatembea, na mji huu una miteremko inayotembea, mtaa wa Funu ni mfano ambao kila mtu anaujua. Bandika shahidi: kipande cha plasta cha sentimita 10 kikivuka ufa, andika tarehe juu yake. Kikipasuka ndani ya masika moja, usitengeneze sakafu, tafuta kwanza maji yanayoingia chini ya msingi. Kama ufa ni wa tetemeko la Februari 2008 na shahidi hapasuki, endelea.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Ondoa nta ya zamani kwa maji moto na soda ya kufulia, suuza mara mbili. Panua ufa kwa umbo la V, milimita 5, toa vumbi, lowesha. Changanya simenti nyeupe kipimo 1, vijiwe vya marmari vya ukubwa uleule vipimo 2, na rangi ya unga wa oksidi ya chuma kidogo kidogo. Fanya kwanza kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwa 10, kiache kikauke kabisa, kisugue, ndipo ukilinganishe. Mchanganyiko ukiwa mbichi unadanganya, unaonekana mweusi kuliko utakavyokuwa. Jaza ufa mpaka upite juu milimita 1, funika gunia lililolowa siku 7.

Kisha mashine na maji. Namba 60 kwa pale penye mikwaruzo mirefu tu, halafu 120 chumba chote. Hapo simama: pakaza uji wa simenti nyeupe uzibe vitundu, subiri siku 3. Endelea 220, 400, 800. Usiruke namba. Mkwaruzo wa 60 ukiachwa, 400 haiuondoi, inaung'arisha tu, na utauona kila jioni jua likilala. Fito za shaba zitasuguliwa pamoja na zitarudi kama dhahabu. Ile iliyolegea ibandikwe kwa gundi ya epoksi kabla ya 120. Kwa mita 35 za mraba, watu wawili, hesabu siku 5 za mashine bila zile za kusubiri.

Yale maji meupe ya kusugua msiyamwage kwenye bomba la maji machafu. Ni simenti, yataganda humo. Yaacheni kwenye ndoo mpaka yatulie, mwageni maji ya juu, matope yatupwe yakiwa makavu.

Baada ya hapo chumba kikauke wiki nzima, ndipo dawa ya kuziba vitundu ya aina inayozama, si vernisi ya kukaa juu. Vernisi inanasa unyevu wa Bukavu chini yake, inageuka mabaka meupe, kisha inabanduka kwenye njia ya miguu. Kuosha kila siku: sabuni nyeusi ao ya Marseille, kifuniko kimoja kwa ndoo. Siki, limau na asidi ya kusafishia choo, hapana kabisa. Marmari ni chokaa, asidi inaila na mng'ao unaondoka dakika ileile.

Karo za korido nazo ni za simenti, hazikuchomwa kwenye tanuru. Rangi yake ni tabaka la milimita 3 ao 4 tu, kwa hiyo hapo namba 60 ni marufuku. Anza na 220 kwa mkono mwepesi.

Kama familia bado inasisitiza kuvunja, iambieni hesabu hii: granito na kitanda chake, sentimita 6, mara mita za mraba 35, ni zaidi ya mita 2 za ujazo, karibu tani 4 na nusu za kubeba mgongoni kwenye ngazi za Nguba. Na kuweka karo juu bila kuvunja? Karo na gundi ni milimita 15. Kila mlango utakatwa chini, korido itapata kizingiti cha kujikwaa, na simenti ya kawaida haishiki juu ya granito laini: mwaka wa pili karo zinalia utupu ukizigonga. Tena karo ya 60 inataka sakafu isiyopita milimita 3 za kasoro chini ya rula ya mita 2, la sivyo kona zinapishana.

Plafoni_na_Umeme

Niongeze la juu, maana mnaongea chini tu na maji yanatoka juu.

Kabla ya kugusa plafoni, jueni ni kitu gani. Triplex ukitazama ukingoni ina matabaka. Unalit ni ya kahawia, uso mmoja laini, mgongo una alama kama za wavu. Lakini kama bamba ni la kijivu, gumu, baridi, na ukiligonga linalia kama sahani, chukulieni kwamba ni simenti yenye amianti. Miaka hiyo liliwekwa kwenye nyumba nyingi. Likikaa zima na kupakwa rangi halisumbui. Hatari ni vumbi lake, ambalo likiingia mapafuni halitoki. Basi msilikate kwa msumeno, msilitoboe, msilivunje kwa nyundo, msifagie kavu. Likilazimika kutoka: lilowesheni maji yenye sabuni kidogo, ng'oeni misumari bamba likiwa zima, barakoa ya FFP3 (ya kitambaa haisaidii kitu), mfungie kwenye plastiki mbili, futeni chini kwa tambara lililolowa. Wala asichukue mtu kwenda kuezekea kuku.

Ikiwa ni triplex ao unalit, mtu apande juu ya plafoni mchana, azime tochi. Pale panapoonyesha mwanga kwenye manjanja (bati za juu) ndipo tundu la msumari. Mara nyingi ni kifuniko cha mpira cha msumari kilichokauka, si bati lote. Mkiweka stafu kabla ya hili, jasi itakunywa maji, itakuwa nzito, itashuka yenyewe. Hiyo ndiyo sababu ya stafu nyingi kuanguka mjini, watu wanamlaumu fundi bure.

Waya pia. Nyumba ya umri huo inaweza kuwa na waya za mpira uliofunikwa kwa kitambaa. Mpira huo ukiukunja unavunjika kama biskuti. Zibadilishwe kabla plafoni haijafungwa: milimita za mraba 1,5 kwa taa, 2,5 kwa prizi, na waya ya ardhi ambayo zamani haikuwekwa.

Kwa sura, simfuati Msanifu asilimia yote. Stafu si adui. Ninayoikataa ni ya ngazi mbili katikati ya chumba, inayoshuka sentimita 25 na kugonga juu ya dirisha lenu la mviringo. Fanyeni plafoni bapa kama ya zamani, mabamba mapya na fito zake, kisha ukanda mmoja wa jasi kuzunguka ukuta, upana 40, kushuka 12, taa zifichwe humo. Mzunguko ni mita 24. Msiununue ukanda wa LED wa volti 12, unafifia mita 5 tu toka kwenye chanzo. Chukueni wa volti 24, mkate vipande vitatu vya mita 8, kila kimoja na transfoma yake. Ukanda wa wati 10 kwa mita unafanya wati 80 kwa kipande, basi transfoma ya wati 100. Acheni mlango wa sentimita 40 kwa 40 wa kuzifikia, maana umeme wetu unapanda na kushuka na transfoma ndiyo inakufa kwanza. Rangi ya mwanga: tafuteni kwenye karatasi 2700 ao 3000 K. Sokoni wamejaza 6500, ile nyeupe ya bluu ya dispansari, ambayo inaua rangi ya krimu na ya mbao.

Chokaa_Mchanga

Mama na baba watengeneza PVC, niruhusuni: PVC haiponyi ukuta, inaufunika macho. Nyuma yake maji yanaendelea, kuvu inakua, na mtaijua kwa harufu.

Ukuta wa upande wa mlima kuvimba mpaka 60: nendeni nje kwanza. Karibu kila mara mvua imeteremsha udongo, na sasa ardhi ya nje iko juu kuliko sakafu ya ndani. Chimbeni mpaka ardhi ishuke sentimita 15 chini ya sakafu, upana wa nusu mita, wekeni changarawe na mteremko wa kupeleka maji pembeni. Angalieni pia mferiji wa manjanja: ukimwaga pale pale chini ya ukuta, kila kitu kingine ni kupoteza franga.

Ndani, bandueni plasta sentimita 50 juu ya alama ya mwisho ya unyevu, siyo kwenye alama. Piga brashi kavu uondoe zile chumvi nyeupe, usizioshe, maji yanazirudisha ndani. Ukuta uache wazi kiangazi chote, Juni mpaka Agosti. Halafu plasta ya simenti 1, chokaa 2, mchanga mkali 9, kwa tabaka mbili za sentimita 1 kila moja. Mafundi watataka simenti 1 kwa mchanga 3 "iwe ngumu". Ugumu huo ndio unaofunga maji ndani na kuyasukuma yapande juu zaidi, mpaka mita 1,20. Juu yake rangi ya chokaa, mikono mitatu myembamba kama maziwa, siyo rangi ya mafuta.

Ndiyo maana subasema ya Msanifu, ambayo ni nzuri, kwenye ukuta ule mmoja iwe ya chokaa yenye rangi ya unga. Kuta nyingine tatu pakeni mafuta mkitaka.

Na vile vitundu vya hewa juu ya dirisha, msizibe. Watu wanaviziba kwa sababu ya baridi na mbu, wekeni wavu. Vikizibwa, mvuke wa watu na wa chakula unatulia kwenye kona ya baridi na kuvu nyeusi inaanza hapo.

Lushois_Kamalondo

Salamu toka Lubumbashi. Kwenu tatizo ni maji, kwetu ni ukavu na mchwa, kwa hiyo neno langu ni la mbao. Mkiagiza kabati ao fotei za libuyu ao mvule, ulizeni ubao umekauka muda gani. Kwa hewa tupu, mwaka mmoja kwa kila sentimita 2,5 za unene. Ubao mbichi ukifanywa kabati leo, milango itakwama masika na kuachana kiangazi. Samani za Kivu zikishuka kwetu mwezi wa Agosti, viungo vyake vinafunguka kwa sababu hiyo hiyo, hata zikiwa kavu kwa hewa ya kwenu. Sisi tunapenda mulombwa, hautembei sana.

Tena hakuna aliyesema kuta zivae nini. Kila wakati una picha zake. Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya zamani, ilikuwa na karakana ya wachoraji ya Le Hangar tangu 1946, alikotoka Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake. Miaka ya 1970 saloni za hapa zilitundika mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki, na michoro ya historia ya Tshibumba Kanda-Matulu, pamoja na sahani za shaba zilizogongwa kwa nyundo. Vitu hivyo vilitolewa kuwekwa picha za maporomoko ya maji za plastiki, na leo watu wanavitafuta. Kama mnazo nyumbani, zisafisheni kwa brashi laini kavu. Katikati ya picha iwe mita 1,50 toka chini. Wengi wanatundika juu mno, mgeni aliyeketi anaona fremu tu. Na kamwe si juu ya ule ukuta wa mlima.

Himbi_Goma

Toka Goma, fupi. Kwenye picha za intaneti inarudi ile saloni ya kushuka ngazi mbili katikati, ya miaka ya 1960 na 1970. Bukavu fanyeni mkitaka. Ila kama kuna wa Goma ao Sake anasoma: msichimbe sakafu. Mazuku, ile hewa ya kaboni inayotoka ardhini, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajaa pahali pa chini kama maji na inaua mtu aliyelala bila harufu wala onyo.

Ukuta wa mawe meusi ya lava ndani ya saloni tunao sana, unapendeza na krimu. Mawe hayo yana vitundu, yanashika vumbi. Yapigeni brashi ya waya na kuyapaka dawa ya kuziba isiyong'aa. Yakipakwa vernisi ya kung'aa yanaonekana kama yamelowa siku zote.

Binti_Nguba

Wakubwa, aksanti sana, nimewasomea nyumbani jioni. Granito inabaki, wamekubali. Mabamba ya plafoni tumetazama ukingoni, yana matabaka, ni triplex. Yamebaki mawili: televisheni wanataka juu ya shemine, na dirisha za alumini bado wanazitaka.

Msanifu_Ibanda

Juu ya shemine, katikati ya televisheni itafika mita 1,60 ao zaidi. Jicho la mtu aliyeketi liko mita 1,05 mpaka 1,10. Shingo ya mzee haiwezi kuangalia juu habari nzima. Iwekeni ukuta wa upande, na shemine ibaki uso wa chumba: kioo ao picha moja juu yake, basi.

Kabla ya kuiwasha tena, mtu atazame bomba lake toka juu ya nyumba. Viota vya ndege, nyuki, ao matofali yaliyodondoka. Washeni karatasi moja ya gazeti: moshi ukipanda, sawa, ukirudi chumbani, bomba limeziba. Na nisisitize, mbabula (jiko la makaa) isiwekwe ndani ya shemine iliyozibwa kwa sababu "inaonekana vizuri". Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na saloni yenye dirisha zilizofungwa usiku inatosha kuua familia.

Fundi_Chuma

Dirisha. Alumini kwa kawaida haipindwi kufuata kona yenu. Mtauziwa vipande vitatu vilivyonyooka vilivyounganishwa, na kona ya mviringo itakuwa ya pembe. Hapo nyumba imepoteza sura yake hata kama ndani mmefanya yote sawa. Dirisha za vyumba vya nyuma na choo, huko alumini haina neno.

Chuma kinatengenezwa. Rangi ya machungwa mtakayoikuta chini ya rangi zote ni miniumu, ina risasi ndani yake. Msiisugue kavu na watoto wasiwe karibu: tumieni dawa ya kubandua rangi, na msasa uliolowa. Kutu ikishaondolewa mpaka chuma cheupe, paka dawa mpya ya kuzuia kutu isiyo na risasi siku ileile, kwa sababu kwa unyevu wa ziwa kesho asubuhi kutu imesharudi. Mastiki ya zamani ya vioo iliyopasuka itolewe yote, kioo kikalie kitanda chembamba cha mastiki mpya kabla ya kufunikwa kwa nje. Mastiki isipakwe rangi kabla ya wiki 2. Bawaba mafuta mazito, si ya kupikia.

Plafoni_na_Umeme

Kwa Fundi_Chuma nakubali, la kona limenishinda.

Binti, waambieni mafundi mpangilio, kwa sababu wakigongana mtalipa mara mbili. Mei, mferiji na udongo wa nje. Juni, manjanja juu, na plasta ya ukuta wa mlima ibanduliwe siku hizo hizo ianze kukauka. Waya zote kabla ya Julai. Julai, plafoni, na granito namba 60 mpaka 220, maana vumbi na maji yake vinachafua kuta. Mwisho wa Agosti, plasta ya chokaa, dirisha na rangi. Plasta ile ipewe wiki 3 kabla ya rangi yake, kwa hiyo ukuta huo utakuwa wa mwisho kupakwa. Funikeni granito kwa gunia kavu chini na plastiki juu, siyo plastiki peke yake, inaacha alama za jasho. Matone ya rangi yaliyopita yataondoka kwenye 400, na 800 ifanywe mwisho, kisha chumba kikauke wiki nzima na kipate dawa yake kabla fotei hazijaingia.